Shajara ya mradi: leso mbili, peji 64

12 Januari. Peji zilizokamilika: 0

Nimeamua kuandika hii shajara manake huu mradi umekaa kichwani miaka mitatu sasa, na mambo ya kichwani hayaishi. Ni riwaya ya picha. Peji 64, nyeusi, nyeupe na nyekundu basi, na hadithi yote iko Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa mmoja tu pale Kibokoni, wanawake wawili majirani ambao hawajasemezana tangu ujanani na ugomvi wao wote wanauendesha kwa leso, zile kanga zenye maandishi. Bi Zuhura anavaa leso, Bi Mwanaisha anaisoma, kesho yake anajibu kwa leso yake, na mambo yanaenda hivo mpaka wote wawili wamekuwa wazee. Hakuna maiti, hakuna mpelelezi, hakuna mtu anaruka angani.

Nasema riwaya ya picha na sisemi katuni, si kwa kuwa naona aibu na hilo neno. Nimekulia humo. Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo ndo kitu cha kwanza nilichosoma peke yangu bila kusaidiwa, baba akimaliza gazeti mimi nalingojea pembeni, na kwa ami yangu kulikuwa na nakala kadhaa za Pichadithi, zile za miaka ya 80 za kina Terry Hirst zilizochora ngano za Kenya, nilizisoma mpaka zikatoka majani. Lakini mtu akisikia katuni anajiandaa kucheka, na mimi kuna mahali nataka anyamaze.

Na kuna mchapishaji mmoja nilimpelekea peji nane mwaka jana. Akasema kazi nzuri, ila ataiweka na vitabu vya watoto, ama sivyo niandike maneno ya kutosha alafu picha zibaki moja moja mwanzo wa kila sura, ziwe pambo. Kukataliwa nimezoea. Lile neno pambo ndo lililonikaa kooni, na nadhani peji zote 64 nazichora kulijibu.

21 Januari. Rafu (michoro ya awali) za peji 1 hadi 14

Leo nimefanya jaribio. Ile asubuhi ya leso ya kwanza niliiandika kwanza kwa maneno matupu. Ikatoka hivi: Bi Zuhura aliamka na hasira, akatoa kabatini leso aliyoinunua jana, jina lake Hasidi hana sababu, akaivaa makusudi apite nayo mbele ya baraza la jirani, na jirani alipoisoma akajua ni yeye anayeambiwa.

Kisarufi haina kosa. Lakini hesabu ni mara ngapi nimekutafunia. Hasira nimekwambia mimi, makusudi nimekwambia mimi, na kwamba jirani ameelewa pia nimekwambia mimi. Msomaji amekaa tu analishwa.

Alafu nikaichora, fremu sita. Mkono unafungua kabati, leso zimepangwa zimekunjwa na moja bado ina mkunjo wa dukani. Mkono unazipita zilizo juu unavuta ile ya chini yenye mkunjo. Birika jikoni linafurika na hakuna wa kulitoa motoni. Mguu kwenye kizingiti. Ndia ya mtaani, kivuli cha baraza kimelala mpaka katikati. Kikombe cha kahawa cha Bi Mwanaisha kiko hewani, hakijafika mdomoni. Hamna kiputo cha mazungumzo hata kimoja, na maneno pekee kwenye peji nzima ni yale matatu yaliyo kwenye nguo. Hasira iko kwenye birika. Makusudi yako kwenye ule mkono uliopita leso za juu. Msomaji ndo wa kuviokota.

Na ukiiangalia leso yenyewe, walahi, tayari ni peji. Ina pindo limezunguka pande zote nne, ndani kuna mji, na chini ya mji kuna jina. Pindo ni fremu, mji ni picha, jina ni maandishi yake. Neno leso tumelitoa kwa Wareno, wao walisema lenço wakimaanisha kitambaa cha mkononi, na leso za mwanzo zilikuwa vitambaa kama hivo vimeungwa sita sita. Ukienda Biashara Street utakuta duka la Kaderdina Hajee Essak ambalo liko tangu 1887, na kwenye leso zao utaona Mali ya Abdulla imeandikwa kwa herufi ndogo. Kwa hivo watu wa hapa wanasoma picha na neno kwa jicho moja tangu zama za bibi wa bibi zetu, wanasoma fumbo, wanajua leso ipi ya kumpa mkwe na ipi ya kumpitia nayo mbaya wako. Alafu tunaambiwa picha na maneno vikikaa pamoja ni vitu vya watoto.

2 Februari

Nimebishana na mtoto wa ami yangu mpaka saa sita usiku, yeye ni mwalimu wa Kiswahili sekondari na anaipenda fasihi kwelikweli, kwa hivo maneno yake nayapima. Hoja yake ni kwamba picha inamnyima msomaji kazi. Ukisoma riwaya unamjenga Bi Zuhura mwenyewe akilini, ukimwona kachorwa basi umeshapewa sura yake, umebakiza nini.

Nikamtajia Maus ya Art Spiegelman, Mmarekani aliyechora babake alivyopitia kambi ya Wanazi ya Auschwitz, Wayahudi kawachora panya na Wanazi kawachora paka, na mwaka 1992 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Nikamtajia Persepolis ya Marjane Satrapi, utoto wake Iran wakati wa mapinduzi na vita, kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 2000, nyeusi na nyeupe tupu. Na Aya ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, wasichana wa Yopougon kule Abidjan, hadithi ya Afrika isiyo na vita wala njaa, ni mtaa na mapenzi na wazazi wakali. Akasikiza ila hakutikisika, akasema tuzo si hoja. Na kweli, tuzo si hoja.

Kwa hivo nikarudi nyumbani kwake mwenyewe, kwenye ushairi. Nikamwuliza, ule utenzi wa Al-Inkishafi unaonyesha vipi kwamba matajiri wa kisiwa cha Pate wameisha? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyeutunga hakukaa kutuhubiria ati dunia inapita halafu basi. Alituingiza ndani ya yale majumba, akatuonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa yamepangwa sahani, na sasa ndani yake wamelala makinda ya ndege. Hiyo ni fremu. Mshairi kachagua ni wapi jicho lisimame na ni kitu gani kisitajwe. Hapo mtoto wa ami alinyamaza kidogo, akajimiminia chai.

Na la pili, ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu. Scott McCloud alitoa kitabu mwaka 1993 kuhusu sanaa hii, nacho chenyewe kimechorwa mwanzo mwisho, na anaeleza kuwa kwenye ule uwazi ndipo msomaji anapounganisha mwenyewe kilichotokea. Mimi nilipoisoma nikafikiria mshororo wa tarbia, lile shairi la mishororo minne kila ubeti. Ukwapi, nusu ya kwanza, mizani (yaani silabi) nane, utao, nusu ya pili, mizani nane, na katikati pana pumzi. Ukwapi unakuacha hewani na utao unakupokea, na mshairi mzuri anajua ni uzito gani wa kuutupia pale katikati. Kwa hivo msomaji wa riwaya ya picha hajanyimwa kazi, kazi yake imehamishwa tu. Sura ya Bi Zuhura nimempa, lakini yaliyotokea kati ya fremu ya tatu na ya nne lazima ayatengeneze mwenyewe.

Hakukubali. Amesema nimalize kwanza ndo tuongee.

16 Februari. Peji 9

Nimeenda Fort Jesus kuchora. Nilienda kwa ajili ya ukuta na kivuli chake, nikaishia kukaa mbele ya ile michoro ya askari wa Kireno karibu saa nzima. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na baadaye kuna askari waliokaa mle wakachora ukutani, meli na watu na samaki, kwa makaa meusi na udongo mwekundu. Barua zao sijaziona. Ila nimesimama mbele ya meli na nimejua mtu huyu alitamani kwenda kwao.

Nyeusi na nyekundu. Mimi rangi zangu nilizichagua kwa leso ya kisutu, ile ya harusi, nyeusi nyekundu na nyeupe, na pia kwa kuwa rangi mbili kwenye mashine ni bei nafuu kuliko nne. Sasa nina sababu ya tatu.

Jioni nimemaliza wino wa peji 9, sebule ya Bi Mwanaisha. Hii peji ndo nimeificha sababu ya ugomvi wote na sitaisema kwa maneno mahali popote kitabuni. Ukutani kuna picha ya harusi, imekatwa upande mmoja kwa mkasi, bibi harusi na bwana harusi wamebaki, na kwenye bega la bwana harusi kuna mkono wa mtu wa tatu ambao mkasi haukuufikia. Mkono una bangili nne. Fremu yenyewe ni kubwa kama kiberiti.

1 Machi. Peji 19

Viputo vimenitesa wiki mbili. Kiswahili chetu neno moja linabeba sentensi nzima, nimekutafutia, ukaliweka kwenye kiputo cha upana wa vidole viwili litatoka nje ama litakatika vipande vitatu. Herufi nikipunguza, watu wazima hawaoni. Kiputo nikipanua, kinamfunika mtu uso. Nilichofanya ni kukata maneno ovyo yasiyo na kazi, na kumbe nusu ya mazungumzo yote hayakuwa na kazi, mchuuzi wa kahawa hana haja ya kusema kahawa, vikombe mkononi mwake vinagongana na hiyo inatosha.

Alafu kuna suala la lahaja. Wahusika wangu ni wa Mvita, yaani Mombasa, wakisema macho wanasema mato, wakicheka wanateka, na njoo kwao ni ndoo. Rafiki mmoja kanishauri nitumie sanifu ili kitabu kisomeke mpaka Mwanza. Nimekataa. Picha inamsaidia mtu wa Mwanza, akiona kiputo kimeandikwa ndoo na mkono unaita, ameelewa, hahitaji maelezo chini ya peji. Hii ni faida ambayo riwaya ya maneno matupu haina, na sijui kwa nini haisemwi sana.

14 Machi

Wazo ambalo limekufa nusu. Bi Mwanaisha alisoma chuoni, yaani madrasa, kuandika alikokujua ni kwa hati za Kiarabu, na Kiswahili kimeandikwa kwa hati hizo karne nyingi kabla ya hizi herufi tunazotumia sasa. Nikasema basi kumbukumbu zake zote ziende kulia kwenda kushoto, Wajapani si wanasoma hivo manga, hadithi zao za picha, na dunia nzima imezoea. Nikachora peji sita hivo. Nikawapa watu watano kazini (nafanya kazi duka la kuchapisha, wateja ni wengi), wanne wakapotea, wakasoma jibu kabla ya swali. Inaniuma manake wazo nililipenda sana, lakini msomaji akianza kutafuta njia ameshatoka kwenye hadithi.

Imebaki peji 31 peke yake. Kuna barua ya zamani kwa hati za Kiarabu imejaa peji nzima, jicho linaingia kutoka kulia lenyewe kwa sababu maandishi yanalivuta, na ukifika mwisho wa mstari kushoto unakutana na uso wake akiwa msichana. Hiyo wote watano waliipata.

23 Machi. Hii siku lazima niiandike yote

Nimempa mamangu peji 1 hadi 26 azisome. Mamangu si msomaji wa vitabu, anasoma Qurani na anasoma leso. Kakaa mkekani na miwani yake, kimya, kapeleka kidole peji kwa peji. Kufika peji 5 kasimama.

"Hebu ndoo hapa mwanangu. Nani avaaye leso hivi?"

Nikaangalia. Bi Zuhura anatembea kuelekea kwa msomaji, uso mkali, na jina la leso linasomeka vizuri mbele, hapo kwenye mapaja. Nilikuwa nimelichora mbele ili uone uso na maneno pamoja, mara tisa katika peji 26.

"Jina hukaa nyuma," akaniambia, akainuka akachukua leso yake akajifunga mbele yangu, akageuka. "Wewe wapita, hamtazamani. Ukishampita ndipo asomapo. Lau angekuwa anaweza kumwambia mbele ya mato yake, angenunulia nini leso?"

Nilikaa chini. Nimezaliwa kwenye nyumba yenye leso, nimeziona kila siku ya maisha yangu, na hilo sikuwa nimeliona. Na si kosa dogo la nguo, ni hadithi yote. Kama jina linakaa nyuma, basi uso wa Bi Zuhura na maneno yake haviwezi kuonekana katika fremu moja. Ukiwa mbele yake unaona uso, hujui anasema nini. Akishapita unajua anachosema, lakini uso umeshakwenda. Bi Mwanaisha pale barazani miaka yote hiyo anayasoma maneno na hajawahi kuuona uso uliokuwa unayasema. Angeuona siku moja tu, pengine ugomvi ungekuwa umekwisha zamani, kwa sababu ule uso si wa chuki.

Na msomaji ndiye peke yake aliyewekwa mahali pa kuona vyote viwili, fremu hii uso, fremu inayofuata mgongo, na lazima avishike pamoja yeye mwenyewe pale kwenye ule uweupe wa katikati. Nilikuwa nikibishana na mtoto wa ami kuhusu ule uwazi kwa kutumia kitabu cha Mmarekani na mizani za tarbia, na jibu lilikuwa kiunoni kwa mamangu.

Peji tisa zinachorwa upya kuanzia kesho. Sikuudhika hata kidogo, nina hamu na asubuhi.

19 Aprili. Peji 44

Peji tisa zimekwisha na ni bora mara nyingi kuliko za kwanza. Peji 5 sasa ina fremu mbili tu. Juu uso, Bi Zuhura macho yamelowa. Chini mgongo, Usisafirie nyota ya mwenzio.

Nimechapa nakala ya majaribio kazini baada ya saa za kazi. Nyekundu imehama kama unene wa uzi, ikavuka laini nyeusi kwenye kila leso. Fundi wa mashine alitaka kurekebisha nikamwambia ngoja, nikaenda nayo nyumbani nikailinganisha na leso za mamangu kabatini, na zile za zamani ni hivo hivo, nyekundu imevuka kidogo. Tumeiacha. Kwenye nyuso tu ndo tutairekebisha.

27 Aprili

Mtoto wa ami kapiga simu saa nne usiku, hata salamu hakutoa.

"Ule mkono begani, peji 9. Wa nani?"

Nikamwuliza ameuonaje. Akasema ameisoma nakala ya majaribio mara moja, akaiweka, akala, alafu akiwa anaosha mikono akakumbuka kuwa Bi Zuhura peji 17 anakanda unga na ana bangili nne. Akarudi kuangalia. Nikamwambia basi wewe umeshajua ni wa nani. Akakaa kimya kwenye simu. Alafu kaniomba nakala tatu za kusoma na wanafunzi wake wa kidato cha tatu, na akaniambia atawapa bila kuwaeleza chochote kuhusu peji 9.

18 Mei. Peji 64

Wino wa mwisho umekauka leo baada ya alasiri. Kwa wasiojua, leso huuzwa doti, yaani mbili zimeungana, jina moja kwa zote mbili, unakata katikati mwenyewe kisha unapinda. Peji 61 Bi Mwanaisha ananunua doti. Peji 62 mkasi, fremu tatu za mkasi peke yake, na ni mkasi ule ule wa ile picha ya harusi, una tepu kwenye mpini. Peji 63 asubuhi, kamba mbili za nguo za nyumba mbili, leso moja kila kamba.

Peji 64 ni fremu moja. Wanawake wawili wazee wanatembea kuteremka Ndia Kuu, tumewaona kwa nyuma, wamejifunga leso zile. Nilikesha siku mbili nikiwaza jina liwe lipi na liandikwe vipi, manake likisomeka lote ni kama mimi nimeingia kusema. Mwisho nimelitia kwenye mikunjo. Wanatembea, nguo inakunjika, herufi nyingi zimeingia ndani. Kwa Bi Zuhura inaonekana WEMA na kipande cha H, kwa Bi Mwanaisha haionekani hata herufi moja nzima.

Nikampelekea mamangu ikiwa bado inanukia wino. Kavaa miwani, kaisogeza dirishani kwenye mwanga, kapitisha kidole juu ya mikunjo polepole kama anainyoosha.

"Hauozi," akasema.